Jiwe la kaburi la mzee wetu limevunjika. Tulitengeneze au tuweke jipya?

SWALI

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu ukoo wetu unakaribia kugawanyika kwa ajili ya kaburi moja. Sisi ni watu wa Kisauni, Mombasa, kizazi cha wale waliokombolewa utumwani wakaletwa Freretown. Baba yake babu yangu aliletwa angali mtoto. Alilelewa na wamisheni, akasoma, akawa mwalimu wa kanisa, akafariki mwaka 1924. Alizikwa katika makaburi ya zamani ya kanisa, na kaburi lake ni miongoni mwa machache pale yaliyobaki na jiwe. Jiwe lenyewe ni la matumbawe, limepigwa lipu ya chokaa, na katikati limepachikwa kibao cha marumaru. Kwenye kibao pameandikwa jina lake, Johana, kisha neno Mnyasa (yaani mtu wa upande wa Ziwa Nyasa), kazi yake, mwaka aliofariki, na mstari wa Zaburi.

Masika yaliyopita tawi la mwembe liliangukia kaburi. Kibao kilipasuka vipande viwili na pembe moja ikavunjikavunjika. Jiwe la matumbawe lililoshika kibao likainama. Kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema, alichukua saruji akaviunga vipande. Sasa lipu iliyo kando ya ile saruji inabanduka, na unga mweupe unatokeza juu ya jiwe. Mstari wa Zaburi hausomeki tena.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Marekani. Alifungua kikundi cha WhatsApp, watu wakachanga, na fundi amekwisha kupatikana. Mpango wao ni kuvunja kaburi lote, kumwaga zege, kuvika vigae, na kusimamisha jiwe jeusi la granaiti lenye picha ya mzee. Kwa kuwa mzee hakuacha picha, wanataka ichorwe sura ya kukisia. Jina litaandikwa Yohana, kama tunavyoliandika sisi leo, na neno Mnyasa litaachwa. Ndugu yangu anasema hataki watoto wetu waje kuambiwa si wa hapa. Fundi amesema jiwe la zamani atalitumia kama kifusi cha msingi.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ana zaidi ya miaka 80. Yeye hataki mtu yeyote aguse kitu. Anasema mzee alihamishwahamishwa vya kutosha alipokuwa hai, sasa aachwe.

Mimi nimebaki katikati. Kulivunja jiwe kunaniuma, lakini tukiliacha hivi naogopa masika yajayo yatalimaliza. Nifanyeje?

Mjukuu, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie yule fundi simu umwambie asubiri. Kibao kilichopasuka kinaweza kungoja miezi kadhaa kikitunzwa vizuri. Kikishasagwa kuwa kifusi chini ya zege, hakuna mchango wa WhatsApp utakaokirudisha.

Sitazunguka. Jiwe la zamani libaki. Mkihitaji jipya, na huenda mkalihitaji, liwekwe kando ya lile la zamani, dogo, lisilolifunika. Maneno ya kwanza yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na hiyo Johana na hilo neno Mnyasa.

Nasema hivyo kwa sababu ya mahali mlipotoka. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwezi Juni mwaka huo mkataba ukatiwa saini, soko la watumwa likafungwa. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa baharini, watu waliokutwa ndani ilibidi wapelekwe mahali. Ndipo wamisheni wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisheni la Kianglikana la Uingereza) walipoanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, wakakipa jina la huyo Frere. Mnara wa kengele yao upo hadi leo, na mtaa ukaitwa Kengeleni. Walioletwa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na wengi walikuwa watoto. Mtoto aliyetolewa jahazini hakuja na cheti cha kuzaliwa, wala mjomba wa kumsimulia kwao ni wapi. Alipewa jina jipya kwenye maji ya ubatizo, akaanza upya.

Sasa fikiri. Mtu wa namna hiyo anafariki mwaka 1924, na waliomjua wanaagiza kibao cha marumaru wanaandika juu yake: Mnyasa. Hawakuandika kwa bahati mbaya. Ama yeye mwenyewe alikuwa akilisema hilo maisha yake yote, ama watoto wake walitaka lisipotee. Katika ukoo wenu huenda hakuna karatasi nyingine inayotaja kwao. Ndugu yako anaogopa neno hilo litawafanya watoto waonekane wageni, na hofu yake naielewa, maana watu wa Freretown wamesumbuliwa sana kwa maneno ya namna hiyo, hasa mambo ya ardhi yanapoingia. Lakini jiwe la mwaka 1924 katika makaburi ya kanisa la Mombasa linathibitisha pia kwamba mmezika hapa kwa karne nzima. Ushahidi wa mizizi yenu hapa na ushahidi wa kule mzee alikotoka umeandikwa kwenye kibao kimoja. Ukifuta mmoja umeupunguzia nguvu wa pili.

Na hiyo Johana msiisahihishe. Siku mtakapotaka kumtafuta katika daftari la ubatizo, mtamtafuta kwa herufi zile zile. Mkitaka watoto wamtambue, jina la leo liandikwe chini, kwenye jiwe jipya. Kuhusu sura ya kukisia nakuomba uikatae kabisa. Baada ya miaka 30 hakuna atakayekumbuka kwamba ilikisiwa, na vitukuu watakuwa wanamlilia mtu asiyekuwa babu yao.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe.

Kilicholiharibu zaidi si tawi la mwembe, ni ile saruji. Simlaumu kijana, maana siku hizi kila kitu tunaunga kwa saruji. Matumbawe na chokaa ni vitu vinavyopumua. Maji ya mvua na unyevu wa ardhini huingia na kutoka taratibu. Saruji ni ngumu na imefunga, kwa hiyo maji yakifika kwake hayapiti, yanarudi na kutafuta njia kwenye jiwe laini la kando. Pwani yetu ina chumvi hewani na ardhini. Maji yakikauka chumvi hubaki ndani ya jiwe, huganda chembechembe, na chembe hizo zikikua husukuma uso wa jiwe nje. Huo unga mweupe unaouona ndio chumvi yenyewe, na ndiyo inayobandua lipu. Mkilifunika kaburi zima kwa zege na vigae, unyevu wote utapanda kutafuta pa kutokea, na jiwe lolote lililosimama juu yake, hata jipya, litaanza kuota madoa.

Hata hivyo usikimbilie patasi kuibandua ile saruji. Imeshikana na marumaru, na mtu akigonga kwa nguvu itaondoka na herufi. Fundi anayejua kazi ya chokaa ndiye atakayeamua ipi inatoka na ipi inaachwa. Mara nyingi kipande kidogo cha saruji kisicho na madhara makubwa huachwa kilipo.

Cha kufanya wiki hii ni kupiga picha. Nenda asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa chini, mwanga upige jiwe kwa ubavu. Herufi ambazo saa sita hazionekani hutokeza zenyewe kwa kivuli. Jua likikataa, mtu mmoja ashike kioo au tochi pembeni, mwingine apige picha. Huenda hata ule mstari wa Zaburi mkaupata kwa njia hiyo, au mkapata maneno mawili matatu, na mzee yeyote wa kanisa akawamalizia mengine. Piga kibao, piga kila kipande, piga kaburi zima pamoja na makaburi jirani ili ijulikane liko wapi. Kisha keti chini uandike maneno yote mstari kwa mstari kama yalivyopangwa, na palipofutika uache wazi. Usipake chaki, makaa wala unga ili herufi zionekane, na usiweke karatasi ukasugua kwa penseli. Jiwe linalobanduka halistahimili kusuguliwa.

Vipande vyote viokotwe, hata vile vya ukubwa wa ukucha. Vitiwe namba nyuma kwa penseli, vilazwe juu ya ubao, visiguse udongo, na viwekwe mahali pakavu panapopita hewa. Kanisani ni pazuri kuliko nyumbani kwa mtu mmoja, maana kikikaa nyumbani kwako ndugu yako atasema umekiteka. Kasisi aandike kwamba amekipokea.

Kusafisha, kama ni lazima, ni kwa maji matupu na brashi laini. Kabla ya hapo pitisha kidole juu ya marumaru. Kama chembe zinatoka kama sukari, usiguse tena, mwachie fundi. Watu wengi huharibu makaburi kwa mapenzi. Wanachukua dawa ya kung'arisha nguo, au ile asidi ya kusafishia vyoo na vigae, jiwe linakuwa jeupe siku hiyo na wao wanafurahi. Marumaru, matumbawe na chokaa vyote ni vya jamii moja, na asidi huviyeyusha. Unachokiona kimesafishika ni uso wa jiwe umekwenda, na nusu ya herufi zimekwenda nao. Brashi ya waya, grenda na msasa ni vivyo hivyo. Rangi ya mafuta hufunga unyevu ndani kama saruji.

Kwa kulisimamisha tena, tafuteni fundi wa chokaa, si fundi wa vigae. Wapo. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo katika orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na nyumba za huko hutengenezwa kwa chokaa mpaka leo, kwa hiyo kazi hiyo haijafa. Hata Mombasa, Mji wa Kale, mtawapata wanaoijua. Ofisi ya Makavazi ya Kitaifa pale Fort Jesus ndiyo ya kwanza kuulizia, na mkifika hapo ulizeni pia kama makaburi yenu yametangazwa kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali. Kama yametangazwa, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuvunja wala kubadilisha kitu bila idhini, na ndugu yako na fundi wake wangejitia matatani. Kama hayakutangazwa, bado ardhi ni ya kanisa. Idhini ya kasisi na wazee wa kanisa mwipate kwa maandishi.

Huyo fundi akija, muulize maswali mawili ya kumpima. La kwanza, ataunga kibao kwa kitu gani. Akisema saruji na kipande cha nondo, mshukuru, mpe nauli yake. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka tena pale pale. Vipande vya marumaru huungwa kwa gundi maalumu na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, na kazi hiyo ni ya mtu aliyewahi kuifanya. La pili, mchanga atautoa wapi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, hata uoshwe namna gani mimi nisingeuamini. Chokaa iliyozimwa vizuri kwa mchanga safi wa mto au wa shimoni, kiasi cha sehemu moja kwa tatu, ndiyo inayofanana na kazi ya wazee. Kisha kazi ikiisha ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, ikauke polepole siku kadhaa. Chokaa ikichomwa na jua siku ya kwanza hupasuka.

Kama kibao hakitaweza kuungwa kwa usalama, iko njia nyingine ambayo mimi naipenda: vipande vinapachikwa pamoja, kila kimoja mahali pake, kwenye ukuta mfupi wa matumbawe na chokaa uliosimama kichwani mwa kaburi. Mpasuko unaonekana, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Ila visilazwe chali juu ya kaburi, maana mvua ikisimama juu ya maandishi huyamaliza haraka.

Jiwe jipya liwe la upande wa miguu au kando, la kiasi cha magoti, lisimame kwenye msingi mdogo. Hapa nataka umsikilize shangazi yako kwa makini, maana hofu yake ina msingi kuliko anavyoweza kuieleza. Makaburi ya zamani kama yale hayana nafasi tupu. Wengi wa waliozikwa pale waliwekewa misalaba ya miti, mchwa wakaila, na leo unaona nyasi tu. Mkichimba msingi wa zege na kutandaza vigae, mtakuwa mnachimba na kufunika watu wa wengine, watu ambao hata kibao hawakuachiwa. Hilo pekee linatosha kuukataa ule mpango wa granaiti.

Lakini shangazi naye asiachwe na neno lake la "msiguse". Mwambie kwamba kulisimamisha jiwe lililoinama hakumhamishi mzee. Mwombe kasisi afanye sala kabla ya kazi kuanza, na shangazi awepo, akae kitini kivulini, yeye ndiye aseme jiwe lilikuwa limeelekea wapi na limesimama vipi alipokuwa msichana. Na siku hiyo hiyo, au mapema zaidi, mtu ashike simu arekodi anayoyakumbuka: nani waliokuwa wakilitunza kaburi, nani wamelala jirani, mzee alisemwa vipi na waliomwona. Mtu wa miaka 80 hasubirishwi mpaka kamati ikae.

Ndugu yako usimtoe nje. Ana pesa, ana bidii, na inaonekana anampenda huyo mzee kwa namna yake. Mpe kazi inayomfaa aliye mbali. Nyaraka za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na maswali hupokelewa kwa barua pepe. Atafute Johana humo, wewe utafute katika madaftari ya ubatizo na ndoa ya kanisa hapa nyumbani. Mkipata hata mstari mmoja, kile kikundi cha WhatsApp kitakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya rangi ya vigae. Pesa zilizochangwa zisirudishwe. Zitalipa fundi wa chokaa, jiwe dogo jipya, na mtu wa kupunguza matawi ya ule mwembe, ambao usipopunguzwa utaangusha jingine. Kitakachobaki kimlipe kijana wa kufyeka nyasi kwa mkono kuzunguka mawe, taratibu, bila slasha kugonga wala moto, na bila dawa ya kuua majani, maana nayo huacha chumvi.

Kwenye jiwe jipya andikeni maneno ya kibao cha kwanza yote kama yalivyo. Chini yake, kwa herufi ndogo, wekeni kitu kama hiki: "Maneno haya yamenakiliwa kutoka jiwe la kwanza lililovunjika, ambalo limehifadhiwa hapa. Johana ni Yohana, baba wa ukoo wetu." Mwaka wa kazi ufuate. Mstari wa Zaburi msiouweza kuusoma msiukisie. Acheni nafasi, fundi wa maandishi aweze kuuchonga mkija kuupata.

Kazi ya chokaa haitaki mvua kubwa wala jua kali, kwa hiyo lengeni Julai au Agosti, masika yakiwa yamepita. Masika yakiwakuta kabla ya hapo, funikeni jiwe lililoinama kwa turubai lililoinuliwa juu ya miti, lisiguse jiwe, hewa ipite chini, na mlitie vigingi vya mbao pande zote lisianguke. Ukishazungumza na kasisi, niandikie alivyosema.